Rangi Isiyonuka

Mimi rangi hii sikuitaka. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakiziona picha zangu za siku hizi hunipongeza. Husema nimekua, nimepata njia mpya. Njia mpya wapi! Nililetewa. Ilikuja ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na dawa za mama na tende.

Tangu nilipokuwa msichana wa skuli nimepaka rangi za mafuta. Nazijua kama ninavyoijua njia ya kutoka kwangu kwenda sokoni Wete. Rangi ya mafuta inakusubiri. Ukichoka unaiacha, ukirudi kesho bado laini, unaisukuma huku na huku mpaka inakubali. Ukikosea unakwangua, au unapaka juu yake na kosa linakwisha. Mtu mvivu wa kuamua kama mimi hana rangi nyingine inayomfaa. Na harufu yake, ile ya tapentaini ya kuzimulia rangi, mimi ndiyo iliyokuwa ikinipa hamu ya kazi. Nikifungua chupa tu, mkono unaanza kuwasha.

Harufu hiyo hiyo ilikuwa inamuua mama yangu.

Mama alikuja kukaa kwangu kutoka Shumba kifua kilipomshinda. Kule alikuwa peke yake, na hospitali mbali. Kwangu nyumba ni ndogo, ukumbi na vyumba viwili, na ua nyuma. Chumba kimoja kilikuwa changu cha kulala, kimoja cha kupakia rangi. Nikatoa turubai za kupakia picha na makopo, nikaosha sakafu, nikampa mama. Lakini harufu iliyokaa kwenye kuta miaka yote ile haitoki kwa sabuni.

Dakta alimpa inhela, akatupa na masharti. Kuni zisipikiwe ndani. Udi usifukizwe. Marashi makali yasiingie. Na mimi akanitazama mikono, akaona rangi kwenye kucha, akasema, "Na hizo zako, bibie, zitoke nyumbani."

Mama aliuacha udi siku ile ile. Mwanamke wa Kipemba aliyefukiza nguo zake tangu alipoolewa, ambaye kanga yake ukiifungua inakusalimia kabla yake mwenyewe, akachukua chetezo akampa jirani, wala hakugeuka nyuma. Hakulalamika hata neno. Mimi nikajiona mdogo, maana nilikuwa nimeanza kutafuta namna ya kudanganya.

Namna yenyewe ilikuwa kupakia uani. Nilijidai ua si nyumba. Nikaegemeza turubai kwenye ukuta wa choo, nikapaka huku mvua ikinikimbiza kila saa, maana masika yetu yakianza hayana adabu. Upepo ukigeuka, harufu inaingia mlango wa nyuma. Na isipoingia na upepo, inaingia na mimi. Nilikuwa nikimpelekea mama uji, nikiinama tu kuweka bakuli, anaanza kukohoa. Kikohozi kile si cha kukohoa akamaliza. Kilikuwa kinamkunja, mabega yanapanda, macho yanatoka, na mie nimesimama na kijiko mkononi sijui nishike wapi.

Ikafika siku tukampeleka hospitali hajiwezi. Mdogo wangu wa kiume akaja kutoka Unguja. Ndiye ndugu yangu pekee. Alinikalisha kwenye benchi nje ya wodi, akaongea taratibu, kama mtu aliyejiandaa.

"Dada, mie sikulaumu. Najua ndiyo kazi yako inayokulisha. Lakini ama rangi ama mama. Kama rangi, mie n'tamchukua."

Alikuwa anasema kweli na nilimchukia kwa kuisema. Mama mwenyewe Unguja alikuwa haitaki hata kuisikia. Mdogo wangu anakaa ghorofani, ngazi nyingi, na mtu mwenye kifua kile akishapandishwa juu hashuki tena. "Nikakae ndani kama mwari, na umri huu?" ndivyo alivyokuwa akisema. Kwangu angalau ana baraza, ana majirani, anamwona muuza samaki akipita na kumtukana kwa bei zake.

Nikamwambia mdogo wangu anipe muda. Sikujua nauomba wa nini. Yeye akarudi Unguja, na safari iliyofuata akaja na ule mfuko wa plastiki. Alikuwa amezunguka maduka ya Mjini akiuliza rangi isiyonuka, mpaka muuzaji mmoja akampa kisanduku cha tyubu ndogo. Inaitwa gwashi. Ni rangi ya maji, lakini nzito, inafunika karatasi kama chokaa, haipitishi mwanga. Unaichanganya na maji ya bomba, unaosha brashi kwa maji ya bomba, basi.

Nikafungua tyubu moja nikainusa. Haikunuka kitu. Ilinikera hapo hapo.

Tukapatana, mie na yeye, kwamba mama asijue. Angejua kwamba nimeacha rangi zangu kwa sababu yake angefunga mizigo siku hiyo hiyo, tunamjua. Tukamwambia mama kwamba mwenye nyumba ya wageni kule kaskazini, ambaye hununua kwangu picha za vyumbani, ndiye aliyetaka aina hii mpya.

"Wenye pesa wana vituko," mama akasema, na mambo yakaishia hapo.

Basi nikaanza. Lahaula! Nilikuwa nimepaka rangi maisha yangu yote na sikuweza kupaka kikombe.

Nilifanya kama nilivyozoea. Nikaweka vivuli kwanza, giza chini, nikangoja pakauke, halafu nikaja na mwanga juu. Kwenye mafuta ndiyo njia. Gwashi haikauki kwa maana tunayoijua sisi. Inajifanya imekauka. Ukiigusa tena na brashi yenye maji, ile ya chini inaamka, inapanda, inachanganyika na ya juu, na weupe uliotaka kuuweka unakuwa rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Nikizidisha kusahihisha, karatasi inaanza kutoka nyuzi. Nikiiacha, inajikunja pembe kwa unyevu. Na ukishapata rangi unayoitaka, ukasema alhamdulillahi, ukaenda kumpa mama dawa, ukirudi si ile tena. Iliyokuwa nyeupe imefifia, iliyokuwa nyeusi imepauka. Kila kitu kimekwenda mahali pengine bila kukuuliza.

Mama alikuwa akikaa nami ukumbini. Hilo ndilo jambo jema lililoletwa na rangi ile, niseme haki. Zamani nilifunga mlango nikipaka. Sasa nilikuwa sakafuni kwenye mkeka, sahani ya rangi pembeni, na yeye kwenye kiti cha kamba na mto mgongoni, anachambua mchele au anatazama tu. Mdomo wake haukuwa na ugonjwa wowote.

"Hiyo ni picha, au umemwagikiwa na mchuzi?"

"Mama, niache."

"Nakuuliza tu. Kama ni mchuzi nikuletee kitambaa."

Nilikuwa nacheka, halafu nacheka huku machozi yananilenga. Nilikuwa nimechoka mno. Mtu akiuguza haulizwi kama amechoka, anaulizwa mgonjwa anaendeleaje. Asubuhi dawa, uji, kumwosha, kufua, soko, jiko, dawa tena, na katikati ya hayo saa moja ya kukaa chini na rangi isiyonitaka. Mara nyingi nilikaa mbele ya karatasi nikiwa na usingizi hadi brashi inanidondoka. Na nilijua kwamba nikishindwa na gwashi, mama anapandishwa zile ngazi. Hapakuwa na njia ya tatu. Nilikuwa nikiichukia rangi ile na kuiomba kwa wakati mmoja.

Iliponikubali, ilinikubali kwa uchovu. Mchana mmoja nilikuwa napaka mbuzi ya kukunia nazi iliyoegemea ukuta chini ya dirisha, na kifuu kando yake. Sikuwa na nguvu za kusahihisha. Nikachanganya rangi zote mapema, nikapaka kidogo cha kila moja kwenye karatasi chakavu nikaacha ikauke nione inakwenda wapi, halafu nikaweka kila moja mahali pake mara moja, nikaondoa mkono. Ukuta, nikaacha. Mti wa mbuzi, nikaacha. Palipokaa vibaya nikapaacha vibaya. Nilikwenda kupika, niliporudi picha ilikuwa imetulia kama kitu kilichokuwepo siku zote. Haikung'aa kama mafuta. Ilikuwa kavu, ya unga unga, kama ukuta wenyewe wa jikoni kwetu Shumba.

Mama aliinama kuitazama. "Hii sasa ni mbuzi," akasema. "Mtu anaweza kuikalia."

Nilifurahi, ila furaha ya mtu aliyechoka akapata pa kukaa. Sikuipenda rangi ile zaidi kuliko jana. Nilijua tu kwamba huenda tukapona.

Nikaendelea hivyo hivyo. Birika kwenye jiko la mkaa. Ndoo na kata. Kanga kwenye kamba, zimeshikana na maji ya mvua. Jamvi la karafuu mbele ya mlango wa jirani, ambalo lilinitesa kuliko yote, maana karafuu ikianikwa ina rangi ya kijani, nyekundu na hudhurungi kwa siku moja. Wengine huniuliza mbona sipaki watu. Kwetu sura haitundikwi nyumba inayosaliwa, na mama hawezi kusali mbele ya jicho la mtu. Nimezoea, vitu vinanitosha. Mwenye nyumba ya wageni alipopigiwa simu alisema ataleta gari baada ya Idi. Picha zikawa zimesimama kwa safu ukumbini, zinamngoja seremala azitilie fremu na vioo, naye ana vitanda vya watu vya kumaliza kabla ya sikukuu.

Hapo ndipo palipoharibika. Tena paliharibika kwa usafi.

Mnajua Idi ikikaribia nyumba zetu zinakuwaje. Kinachofulika kinafuliwa, kinachopakika chokaa kinapakwa, mikeka inasuguliwa, viti vinatolewa nje miguu juu. Kile kisichofulika kinafutwa kwa kitambaa kibichi. Mama kule Shumba ana picha zangu za mafuta ukutani, za tangu ujana wangu, na kila Idi hupanda kwenye kigoda akazifuta kwa kitambaa cha maji mpaka ziwe zinang'aa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia. "Futa tu mama, hazidhuriki." Na kweli hazidhuriki. Ungeweza kuziosha kwa brashi ya viatu.

Nilikuwa sokoni. Nilirudi na kapu la viazi na nyama, nikamkuta mama yuko chini, kwenye mkeka, amejisogeza mwenyewe kutoka kwenye kiti, hapumui vizuri lakini ana furaha. Ndoo ya maji kando. Kitambaa mkononi.

"Njoo uone mwanangu! Picha zako zina vumbi hizi! Nafuta, nafuta, haliishi!"

Kitambaa kilikuwa cha rangi zote. Maji ya ndoo yalikuwa ya kijivu. Mbuzi ya nazi haikuwepo, pamebaki doa. Birika limekuwa wingu. Karafuu alikuwa ndiyo kwanza anazimaliza, anasugua kwa nguvu zake zote, maskini, na jasho kwenye paji la uso, kwa sababu alitaka anisaidie nami nimwone bado anafaa.

Ningeliweza kunyamaza. Sikunyamaza. Niliweka kapu chini, viazi vikatawanyika, nikapiga kelele ambayo jirani aliisikia.

"Unafanya nini? Unafanya nini wewe? Nimeacha rangi zangu kwa ajili yako! Nimekaa hapa kama mtoto wa chekechea najifunza upya, kwa ajili yako, na wewe unazifuta!"

Mama alibaki na kitambaa hewani.

"Kwa ajili yangu?" akasema.

Nilianza kuokota viazi.

"Si ulisema ni yule wa wageni?"

Niliokota viazi. Alipumua ile pumzi yake yenye filimbi, akatazama karatasi, akatazama ndoo, akaelewa vyote kwa pamoja. Hakulia. Alikikamua kitambaa vizuri, akakitundika kwenye ukingo wa ndoo, akasema, "Nisamehe mwanangu, sikujua." Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba yeye ndiye aliyeomba radhi.

Siku ya Idi mdogo wangu alikuja. Tulikula pilau, majirani wakaingia na kutoka, mkono wa Idi huyu, mkono wa Idi yule. Watu walipopungua, mama akamwambia mdogo wangu, huku anajipangusa vidole, "Kesho n'takwenda nawe."

Mdogo wangu akanitazama. Ilikuwa zamu yangu kusema hapana. Nilijua ilikuwa zamu yangu.

Sikusema. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuamka, nilichoka kusikiliza kifua kupitia ukuta, nilichoka na rangi za maji, na moyoni mwangu, Mungu anajua, palikuwa na mtu aliyekaa chini akasema haya, wacha aende kidogo. Mama aliona. Mama hapitwi na kitu. Alinipapasa goti akasema, "Nawe upumzike." Asubuhi akavaa buibui lake, akashikwa mkono mpaka kwenye gari, na nyumba ikawa yangu.

Nililala siku ile yote. Iliyofuata pia nililala sana. Halafu nikatoa turubai uani, nikaliingiza ndani, kwenye chumba chake, na nikafungua tapentaini.

Nitasema ukweli, ilikuwa raha. Harufu ilijaa chumba, nayo ilinijaa mimi. Nilikamua rangi za mafuta, nene, zinang'aa, nikapaka ile karafuu iliyofutwa, na mkono ulikumbuka kila kitu. Nilisahihisha nilipotaka. Niliweka mwanga juu ya giza na mwanga ukakaa. Nilifanya kazi tangu asubuhi bila kuitwa na mtu, sikunyanyuka hata kupika. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za gwashi, na ninalisema hili mpaka leo.

Adhana ya alasiri ilipolia nikainua kichwa, nikatega sikio. Nilikuwa natega kumsikia akikohoa, kama ninavyotega kila nikikaa kimya. Kikohozi kile nilichokichukia. Nikangoja. Hakuna aliyekohoa.

Nikakaa pale na brashi mkononi, nikahisi nyumba nzima imenikalia kifuani. Nikamwona mama juu ya zile ngazi, kwenye chumba chenye dirisha la kutazamia ukuta wa jengo jingine, hana baraza, hana muuza samaki wa kumtukana. Yuko kule ili mimi nizungushe rangi nene kwenye turubai. Nikaosha mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikaniwasha, nikapiga simu.

Alipokea mdogo wangu. Nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema kifua afadhali, lakini hali chakula vizuri, na hasemi. Mama yetu, hasemi! Nikamwambia ampe simu.

"Mama."

"Naam, mwanangu. Unapaka?"

"Mama, rudi nyumbani. Zile rangi nimeshaziondoa. Tapentaini nimeimwaga."

Nilisikia ile filimbi ya pumzi yake.

"Muongo weye," akasema. "Ungekuwa umeimwaga ungekuwa unalia."

Kweli, chupa ilikuwa mbele yangu, imejaa nusu, na kifuniko wazi. Nikaichukua. Nikatoka nayo uani, simu nimeibana kwa bega, nikaiinamisha pale kando ya choo ambapo maji machafu hupita. Ikatoka taratibu, gub, gub, gub, na harufu ikanipanda puani kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimedhani nitakuwa na nguvu. Nililia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, mbele ya kuku wa jirani, na simu sikioni.

Mama hakunikatiza. Alinisikiliza mpaka chupa ikaisha.

"Haya," akasema. "Sasa mwambie nduguyo anikatie tiketi."